Sahani ya Muhsin

Mtoni, Dar es Salaam
11 Januari 1954

Shangazi yangu Bi Nunu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kitako, maana ukiwa umesimama utaiweka chini kabla hujafika mwisho. Mie mzima, kikohozi kimekwisha. Cherehani yangu ingali barazani kwa Bwana Nazarali, kando ya njia ya Kilwa, na vumbi la malori yanayotoka huko kwenu ndilo ninaloshonea ndani ya kanzu za watu. Mpe baba salamu, yeye na goti lake.

Sasa jambo lenyewe. Bwana Nazarali ana ghala Temeke, zamani lilikuwa la nazi kavu. Mbata haina bei tena, ghala liko tupu, naye ni mtu asiyevumilia paa linalofunika hewa. Ameanzisha kampuni ya michezo ya kuchekesha. Si mchezo wa watoto wa shule siku ya kufunga. Ni kazi, watu watalipwa kila mwezi, na mchezo ukishaiva utazungushwa Jimbo lote la Mashariki, Bagamoyo, Kisarawe, Morogoro hadi Kilosa. Unaitwa Bwana Kipara Aoa Tena. Ameutunga Bwana Adelard, aliyekuwa mwalimu huko Bukoba, mtu mrefu wa miwani anayesema Kiswahili kama anakisoma ukutani. Atatujaribu mwenyewe Jumapili ya tarehe 31, mmoja mmoja, wenzetu wakitazama.

Nimejiandikisha. Nataka kuwa Salehe, yule kijana anayependwa na binti wa Kipara. Najua utakayosema, ndiyo sababu nimeliweka jambo hili chini kabisa ya karatasi.

Mwanao,
Marijani

*

Kilwa Kivinje
4 Februari 1954

Mwanangu Marijani,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nimekaa, kama ulivyotaka. Kisha nikasimama nikaisoma tena, kwa kuwa kukaa hakukunisaidia.

Hapa sote wazima. Goti la baba yako limehamia kiunoni. Linamzunguka mwilini kama mgeni anayetafuta chumba. Sugra wa dukani anakusalimu. Mume wake ameleta chai mpya, ina rangi, harufu haina habari nayo.

Kijana anayependwa. Haya. Una pua ya babu yako, miguu ya mama yako, Mungu amrehemu, na sauti ya mlango wa ghala. Sisemi huna sura. Sura unayo, ila ilibandikwa kwa haraka. Nimekulea tangu una miaka minne, na katika miaka yote hiyo sikukuona ukimchekesha mtu kwa kukusudia.

Tena usidhani nadharau mchezo. Mie nimecheza ngoma ya lelemama miaka ishirini. Nimewaiga maharusi na mama wakwe mpaka wanawake wazima wakaomba maji. Lakini ilikuwa ndani ya ua, wanawake kwa wanawake, komeo limetiwa. Hatukumkatia mtu tikiti.

Jumapili yenyewe imekwisha pita. Niambie walikufanya nini, na wamekupa nani.

Shangazi yako,
Nunu

*

Mtoni
21 Februari 1954

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenifikia, na sura yangu niliyobandikiwa imeinama kwa heshima. Hapa kuna joto la kukaangia samaki. Baba nimemnunulia mafuta ya kuchua, nitampa dereva wa lori.

Tulifika watu arubaini. Ghala linanuka mbata hadi machozi yanakutoka, na Bwana Adelard akadhani tunajua kulia. Karani mmoja, Polikarpo, alikuja na suti na cheti cha kupiga tarumbeta. Kabla ya lolote aliuliza kama Bwana Kipara katika mchezo ana kiti cha kukalia au husimama muda wote. Alipoambiwa ana kiti, akasema basi yeye ndiye Kipara, na kwa kuwa kichwani hana unywele hata mmoja, hakuna aliyebishana naye.

Mie nilijaribiwa usalehe. Binti hakuwapo, nikaambiwa nimbembeleze nguzo. Nikaipigia magoti, nikaisifu macho. Bwana Adelard akatazama, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha ukutani kwamba mpaka sasa, kati yetu wawili, nguzo ndiyo inayoigiza vizuri zaidi. Watu walicheka. Nilitaka kurudi Mtoni.

Lakini alasiri akatuita tena, akataka tumwonyeshe mtu aliyepewa talaka siku hiyo hiyo. Kila aliyepanda alilia na kugaagaa, mmoja akachana shati lake mwenyewe na lilikuwa jipya. Mie nilifanya yangu. Shangazi, walicheka mpaka Bwana Nazarali akashikwa na kwikwi.

Nimechukuliwa. Si Salehe, ila ni sehemu kubwa kuliko ya Salehe. Nitakueleza siku nyingine, mkono umechoka.

Marijani

*

Kilwa Kivinje
20 Machi 1954

Mwanangu,

Marahaba. Mvua imetuanza, njia imekatika huko Rufiji, na barua yako imekuja kwa meli ikiwa na madoa kama imelia njia nzima. Baba yako amepata mafuta. Amejichua, goti limerudi kwenye goti.

Mkono umechoka. Mkono wa fundi cherehani, unaoshona kanzu saba kwa juma, umechoka ulipofika mahali pa kuandika jina moja. Mpe pole.

Nguzo nimeipenda. Ukiipata inayoweza kupika, ioe.

Ila umeandika "nilifanya yangu". Yako yapi, Marijani? Hujapewa talaka. Hata mke hujaoa. Mtu hawezi kutoa ndani kitu asichonacho. Lazima alikichukua mahali. Nakuuliza mara ya pili, wamekupa nani? Na la tatu ni jipya: ulimwiga nani?

Nunu

*

Mtoni
11 Aprili 1954

Shangazi,

Shikamoo nyingi. Huku mvua imeingia mpaka chini ya cherehani, nashona miguu imo ndani ya maji. Ninakula, ninalala, sina ugonjwa.

Umeuliza sehemu. Mie ni Bi Kizito, mke wa kwanza wa Kipara, yule anayeachwa. Wanawake hawapandi jukwaani, hivyo wake wote ni sie wanaume na kanga zetu. Usicheke. Ukinitazama kwa mbali, na ukiwa na mchanga machoni, napendeza. Tarehe 24, kabla ya Ramadhani, tutaonyesha kwa walioalikwa tu.

La nani niliyemwiga, mtu huiga wengi. Huchukua mwendo hapa, shingo kule.

Nimesikia Sugra amekuja mjini kwa kaka yake, na Bwana Nazarali, kwa kuwa ni jamaa zao, ameshampa tikiti ya kukaa mbele. Mungu amjalie apate meli ya kurudi mapema, kabla ya tarehe 24, maana bahari siku hizi haitabiriki.

Marijani

*

Mtoni
16 Mei 1954

Shangazi,

Shikamoo. Nimekuandikia mwanzo wa mwezi, sikupata jibu. Labda ni mvua. Labda ni saumu. Meli mbili zimekuja kutoka huko tangu hapo, nimeuliza zote.

Mchezo ulipokewa vizuri. Baada ya Idi tunaanza kuonyesha kila Jumamosi alasiri.

Niandikie hata kunitukana.

Marijani

*

Kilwa Kivinje
7 Juni 1954

Marijani,

Marahaba. Idi ilikuwa njema. Baba yako mzima.

Sugra amerudi.

Nunu

*

Mtoni
19 Juni 1954

Shangazi yangu,

Shikamoo, na safari hii naitoa nimepiga magoti, wala si mbele ya nguzo.

Sugra amekwambia. Sijui amekwambia kwa namna gani, ila mie nilimwona pale mbele. Alicheka na wenzake mpaka nilipotoka na sinia, hapo akaacha, na hakucheka tena.

Acha niandike mwenyewe, ingawa unayajua, maana nimeyaigiza mara nyingi na sijayasema hata mara moja. Ijumaa ile ya mwaka wa arubaini na saba, mumeo Muhsin alikwambia ana wageni, upike pilau ya watu ishirini. Ukapika. Sufuria ikiwa bado motoni, akamtuma mtu na karatasi ya talaka. Baada ya miaka tisa. Nawe hukuichana, hukumfuata mtu. Ulisubiri watu watoke msikitini wakae barazani dukani kwake kama kawaida yao, ukaja na sinia kichwani, ukampakulia kila mwanamume aliyekaa pale, na wa mwisho Muhsin. Ukamwambia neno tusilolisikia. Ukaondoka.

Nilipoambiwa nionyeshe aliyeachwa, sikujua mwingine. Bi Kizito wangu anatoka anajipiga kifua, kanga inamdondoka, anawatupia watu sahani za mchanga. Na lile neno lisilosikika nalo nimelitunga mie. Anamwambia Kipara, "Kula, hii hitima ya ndoa yako, ya mwili wako nitapika kesho!" Hapo ndipo ghala linapovunjika kwa kicheko.

Jina nilibadilisha. Mji nilibadilisha. Nilidhani hayo yanatosha. Nimemwomba Bwana Adelard tuitoe sehemu hiyo, amesema tukiitoa hakuna mchezo, kuna mwanamume mwenye upara amekaa kitini. Lakini ukiniambia niache, nitaacha, hata kama nitarudi kwenye kanzu moja kwa moja.

Sema neno.

Marijani

*

Temeke
14 Julai 1954

Marijani,

Marahaba. Angalia vizuri juu ya karatasi, hujakosea kusoma. Niko Temeke, kwa shoga yangu Hamdiya, nyuma ya soko. Kwa huo mwendo wako wa kivivu ni nusu saa kutoka Mtoni. Usije. Nikitaka kukuona nitakuita. Mletaji wa barua hii ni Hamdiya mwenyewe. Usimuulize maneno, nimemkataza.

Njia imefunguliwa, nimekuja na basi siku mbili, mgongo wangu nimeuacha Utete. Baba yako anadhani nimekuja kutibiwa macho. Si uongo. Nimekuja kutazama.

Jumamosi nilikaa mabenchi ya wanawake, ndani ya buibui, nikakuona. Wajua kazi, hilo nakupa. Shingo ni yangu, na hivi ninavyofuta mkono kwenye kanga kabla ya kumpa mtu kitu, sikujua kama kuna aliyewahi kunitazama. Niliumia pale zaidi kuliko kwenye matusi.

Mengine yote ni uongo. Mie sikujipiga kifua. Kanga haikunidondoka, nilivaa ile ya Idi, nikaipiga na pasi, na mkaa ulikuwa haba. Sikupaza sauti. Niliwapakulia wale wanaume kwa adabu, kila mmoja na nyama yake, nikawauliza hali za watoto wao. Unajua kwa nini? Pilau ilikuwa ya watu ishirini, na nyumbani nilibaki peke yangu.

Na Muhsin nilimwambia, "Umesahau chakula chako." Basi. Akaipokea sahani kwa mikono miwili, akakosa pa kuiweka. Hakula. Alisimama nayo mpaka nikakata kona.

Wewe umewafanya watu wamcheke mwanamke aliyeachwa. Huyo amekwisha chekwa bure, Marijani, hahitaji tikiti.

Jumatatu nilikwenda kwa Bwana Adelard. Nikamwambia nataka kujaribiwa. Akaniuliza kwa heshima nyingi kama nina uzoefu. Nikamjibu, miaka ishirini ya lelemama na tisa ya Muhsin. Akasema wanawake hawapandi jukwaani. Nikamwuliza nani kasema, akafikiri, akagundua ni yeye. Bwana Nazarali alikuwapo. Yeye aliuliza tu kama mwanamke wa kweli angeleta watu zaidi mlangoni.

Wakamsimamisha yule karani wa suti awe Kipara. Nikafanya kama ilivyokuwa. Nilipomwambia amesahau chakula chake, ghala lilinyamaza mpaka nikasikia panya. Kisha mmoja akacheka, kisha wote, lakini hawakunicheka mie. Walimcheka Polikarpo, amesimama na sahani, jasho linamtoka, na safari hii hana kiti.

Nimechukua sehemu yako. Kanga ya Bi Kizito fupi na blauzi inanibana. Zipanue, wewe si fundi?

Nunu

*

Mtoni
16 Julai 1954

Shangazi,

Shikamoo. Blauzi nimeipanua, nimempa Hamdiya. Sikumuuliza maneno. Yeye ndiye aliyeniuliza kama nimekula, nikainamia cherehani.

Sina la kujitetea. Naomba radhi, kwa ile shingo na kwa ule mkono, na kwa lile neno nililokutia mdomoni.

Bwana Adelard amekuja hapa barazani. Anaona Polikarpo ni mgumu kama meza, anataka mie niwe Kipara, nikupokee sahani. Nimekataa. Nimemwambia kazi za Idi kubwa ni nyingi. Amesema Idi kubwa ni mwezi ujao. Nimemwambia nashona polepole.

Ukikubali kuniona, nipo.

Marijani

*

Morogoro
12 Septemba 1954

Mwanangu Marijani,

Marahaba. Huku kuna baridi ya asubuhi inayoingia kwenye meno. Milima mizuri, ila imesimama karibu mno, kama jirani mbea. Chai ya Morogoro ni nzuri kuliko ya mume wa Sugra. Nimenenepa, blauzi uliyoipanua itapanuliwa tena.

Tumecheza Bagamoyo, Kisarawe na Kilosa, na hapa mara mbili. Mchanga nimeukataza. Napika pilau ya kweli, nyuma ya ukumbi, tangu mchezo unapoanza, ili ikifika zamu yangu watu wawe wameshainusa na wamekwisha sahau kwamba ni mchezo. Bwana Nazarali analalamikia mchele. Muache alalamike.

Baba yako amejua. Ameniandikia kwamba nimeutia ukoo aibu, dada wa Mwinshehe anaonekana na watu kwa tikiti. Nimemjibu kwamba aibu ya ukoo iliingia Ijumaa ile, kwa mlango wa mbele, naye Mwinshehe alikuwa amekaa barazani kwa Muhsin. Nilimpakulia. Alikula. Hakuna hata mmoja kati ya wale wanaume aliyesimama akamwuliza Muhsin, "Huyu kakosa nini?" Walikula, wakaisifu pilau.

Wewe ulikuwa wa sita. Una miaka kumi na tisa, ndevu zimeanza. Ulikula ukasafisha sahani. Kwenye ile barua yako ndefu, hilo ulilisahau.

Nimejua tangu Julai kwamba hukukataa kwa ajili ya kanzu za Idi. Hukutaka kuwa Muhsin mbele za watu. Nakuelewa. Hata Muhsin mwenyewe ilimshinda.

Sasa sikiliza la kuchekesha. Polikarpo ametukimbia. Kilosa walimzomea njiani. Hapa Morogoro wanawake wa sokoni wamekataa kumuuzia ndizi, wamemwambia aende akale kwa mke mdogo. Amewaapia kwamba yeye ni karani, hajaoa hata mara moja, wakasema ndivyo wanavyosema wote. Jana amepanda gari moshi na suti yake. Jumamosi tuna mchezo na hatuna mume. Mie nimezoea, ila Bwana Adelard hajazoea, anazunguka ukumbini kama kuku.

Anakuomba uje. Mie sikuombi. Nimeambiwa nikuandikie, nimekuandikia.

Nunu

*

Mtoni
15 Septemba 1954

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata leo asubuhi, nimeisoma mbele ya wateja, mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Ni kweli, nilikula. Tena niliomba ukoko, nawe ukanipa. Nilisikia watu wakicheka pembeni, nikacheka nao, kwa kuwa Muhsin alikuwa ameniahidi kazi dukani kwake na sikutaka anione nimenuna. Kazi yenyewe hakunipa. Ndiyo sababu nilikuja huku. Kwa miaka saba nimesema nilikuja kutafuta riziki.

Nilipoambiwa nionyeshe mtu aliyepewa talaka, ningeweza kuwaonyesha wale waliokula. Sikuthubutu. Kukucheka wewe kulikuwa rahisi zaidi.

Nimemuaga Bwana Nazarali. Cherehani nimemwachia jirani. Nitapanda gari moshi la Ijumaa, na Jumamosi nitasimama mahali pa Muhsin, nitaipokea sahani kwa mikono miwili, na watu wanicheke watakavyo. Ukifika mbele yangu usinionee huruma kwa kuwa umenilea. Nipe kama ulivyompa yeye.

Sokoni pia nitakwenda mwenyewe kununua ndizi. Wakinikatalia, watakuwa na haki yao.

Kichwa nitakinyoa huko huko.

Mwanao,
Marijani

*

Simu ya maandishi, kutoka Morogoro
16 Septemba 1954

MARIJANI MWINSHEHE KWA NAZARALI MTONI DAR ES SALAAM

NJOO NA NJAA

NUNU